Beji ya Dereva

Baba yangu aliendesha basi la mahujaji kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kwenda hija hata siku moja. "Mimi ni dereva," husema akiulizwa, kana kwamba gari humfikisha kila mtu isipokuwa yule anayeshika usukani. Mahujaji waliposhuka na kuanza kupanda mlima wakiimba, yeye alibaki kwenye uwanja wa magari. Alifungua boneti, akakagua maji ya rejeta na oili, kisha akatandika gunia kwenye kivuli cha basi na kujilaza hadi watu warudi. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa nyumbani, na hivyo ndivyo nilivyoamini hadi mwaka jana.

Hakuwa hata wa kanisa hilo. Marehemu mama ndiye aliyekuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Ukambani, mtu wa rozari na novena. Baba alitoka magharibi, upande wa Kakamega, kwenye kanisa lisilo na sanamu wala mishumaa, ambako watu hukaa kimya wakimngoja Mungu aanze mazungumzo. Walikutana Nairobi kama wengi wanavyokutana Nairobi, wakapanga nyumba ya baraza la jiji hapa Woodley, na wakakubaliana kwamba mtoto atafuata kanisa la mama na atapewa jina la upande wa baba. Mtoto huyo ni mimi, na sikupata mdogo wa kunifuata. Baba huniita "mama" kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Kila safari ya hija ilikuwa na beji yake. Kina mama wa kanisa waliziagiza mapema kwa mafundi wa mjini, zikiwa na picha ya mahali wanapokwenda, msalaba, na mara nyingine mwaka. Kila msafiri alibandika yake kifuani alfajiri kabla ya basi kuondoka. Dereva naye alipewa, maana kina mama hao hawakumsahau mtu. Baba alishukuru, akaitia kwenye mfuko wa shati nyuma ya leseni, na jioni ya kurudi akanikabidhi. Watoto wa majirani waliletewa mkate na baba zao. Mimi nililetewa mkate na beji, na nilianza na beji.

Sijaacha kuzikusanya hadi leo. Kitambaa cha meza cha mama, kile cha kijani, sasa kimetundikwa ukutani sebuleni kikiwa kimejaa beji kutoka ukingo hadi ukingo: za Namugongo, za Komarock, za vituo vidogo ambavyo hata mapadri wamevisahau. Nyingine nimezipata kwa wachuuzi wa vitu vikuukuu kwenye vichochoro vya River Road, saa ya chakula cha mchana, wakati wenzangu wa ofisini wanapigania kiti kwenye kibanda cha chipsi. Wageni wakiuona ukuta huo hunidhania mtu mtakatifu. Wapi! Naenda misa, nasinzia wakati wa matangazo, na nina ulimi ambao mama aliuombea bila mafanikio. Ninachopenda ni kujua. Nikipata beji isiyo na mwaka wala maandishi, situlii hadi nijue ilitoka wapi na ilikaa kwenye kifua cha nani.

Kazi hiyo huanzia nyuma. Mbele kila fundi ameweka msalaba na mlima, utajua nini hapo? Igeuze. Zile za zamani ni shaba nzito, na pini imelehemiwa kwa mkono, imeegemea upande kama mtu anayechechemea. Baadaye zikaja za bati lililokunjwa juu ya karatasi, ambazo ukizitikisa zinalia. Siku hizi ni plastiki na pini ya nepi, nazo sizipendi, lakini naziweka, maana hata kitu kibaya kina mwaka wake. Halafu unaitazama pini yenyewe. Beji iliyovaliwa sana pini yake hujipinda kidogo ikafuata nguo ya mwenyewe. Isiyovaliwa hubaki imenyooka. Zote alizoniletea baba zilikuwa zimenyooka.

Baba ana njia yake ya kuzitambua, na haihitaji kioo cha kukuzia kama yangu. Jumapili baada ya chakula nilikuwa namwekea beji kiganjani, naye anaipapasa kwa kidole gumba, anainamisha kichwa, halafu anatoa hukumu. "Hii ni mwaka wa gia ya tatu," atasema. Au mwaka ule daraja lilibebwa na maji wakazunguka hadi kina mama wakamaliza nyimbo zote wanazozijua. Au mwaka wa Namugongo ambapo walikwama mpakani, wakasonga ugali kando ya barabara, na askari wa forodha akala nao. Namba za miaka hazijui. Miaka yake ina majina ya vipuri. Kazi yangu ilikuwa kuulizauliza hadi nijue gia ya tatu ilivunjika lini, na hapo beji inapata mahali pake kwenye kitambaa.

Alipapasa kwa sababu macho yanamwisha. Ni presha ya macho, ugonjwa usiouma, na ndiyo maana alikuja kuutaja akiwa amechelewa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda kabisa. La kulia lilimwonyesha dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na daktari alituambia kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki hakitakaa sana. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilienda jikoni nikalia juu ya sufuria ya maharagwe, kisha nikajipangia mambo mawili. La kwanza, kila beji aliyoleta ipate mwaka wake kabla hajasahau. La pili, apelekwe Mlimani mara moja, akiwa abiria, apande hadi juu na aone kwa jicho lililobaki kile alichokuwa akiwapelekea watu maisha yake yote.

Mlimani ndiko tulikoita sisi nyumbani. Ni kituo cha hija kilicho mbele ya Nakuru, na wanaokwenda wanakijua bila mimi kukitaja. Basi la baba lilikwenda huko kila mwaka, mwaka mwingine mara mbili. Na kila nilipomgusia habari ya kwenda, jibu lilikuwa lile lile. Nikimkumbusha kwamba siku hizi haendeshi hata baiskeli, anasema dereva ni dereva.

Beji iliyonisumbua niliipata mwezi wa pili mwaka jana, nilipotaka kupeleka koti lake kwa dobi. Ni koti la kahawia, zito, alilovaa kwa safari zote, na ambalo hakubali litupwe ijapokuwa bitana imekuwa nyuzi tupu. Nilikuwa nakagua mifuko, mkono ukagusa kitu kigumu nyuma ya kola, upande wa moyo. Nikaigeuza kola. Palikuwa na beji ndogo ya shaba, ya duara lililorefuka kama yai, imebandikwa mahali ambapo hakuna mtu angeiona. Picha ilikuwa imesagika hadi Mama Maria hana uso. Pini ilikuwa imejipinda sana, na ilikuwa imezungushiwa uzi ambao zamani ulikuwa wa bluu.

Nilikaa kitandani na koti magotini. Beji hiyo ilikuwa imevaliwa miaka mingi. Na ilikuwa kwenye koti la mtu ambaye hakuwahi kuvaa beji.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mama. Ndiye aliyelipiga koti hilo pasi na kulishona, na nikafikiri pengine alimfichia mumewe ulinzi bila kumwambia, maana alikuwa na tabia hizo. Nikaenda nayo sebuleni, nikamwekea baba kiganjani kama ilivyo desturi yetu. Hakuipapasa. Aliifumbata mara moja, kama mtu aliyeguswa na kaa la moto na hataki kuliachia.

"Rudisha mahali umeitoa," aliniambia.

Nikamuuliza ni ya mwaka gani. Akasema hiyo haina mwaka. Nikajaribu kumtania, nikamuuliza kama ni mwaka wa breki au mwaka wa tairi, naye akanirudishia bila kucheka. Nikairudisha kwenye koti, nyuma ya kola, kwenye yale matundu mawili yake, lakini kabla ya hapo niliipiga picha kwa simu, mbele na nyuma. Koti halikwenda kwa dobi.

Baada ya Pasaka kanisani wakatangaza safari ya Mlimani. Nikaandikisha majina mawili bila kumuuliza, na nilipomwambia jioni akakataa kabisa. Nilikasirika. Nimesema nina ulimi. Nilimwambia atapofuka akiwa ameona rejeta tu, miaka yote hiyo, rejeta na gunia, wakati wake kwa waume wanatambaa kwa magoti kwenda kuona kitu ambacho kwake kilikuwa umbali wa ngazi chache. Alitafuta fimbo yake kwa mkono, akaenda chumbani, na nikamsikia akiketi kitandani. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulijua kabisa ulikokuwa ukienda. Nilimpelekea chai, akainywa, akanishukuru, na hiyo ilinichoma kuliko kama angenifokea.

Juma hilo nikapata mwaliko wa kwenda Spring Valley. Mama mmoja mzee, mtu wa Machakos, aliyekuwa kiongozi wa kina mama wa kanisa letu siku za utotoni mwangu, alikuwa amehamia kwa mwanawe huko. Alisikia kwamba nakusanya beji, naye alikuwa na zake kwenye mkebe wa biskuti na hakuna mjukuu aliyezitaka. Nilikwenda Jumamosi. Nyumba ina ua mrefu na mbwa wa sauti kubwa, na yeye nilimkuta barazani amejifunga leso juu ya sweta ya bei, anachambua mbaazi kwenye ungo kana kwamba yuko kwao. Alinishika kidevu akanigeuza uso huku na huku.

"Wewe ni yule mtoto wa dereva," alisema. "Ulikuwa mdogo sana."

Nilidhani anamaanisha kwamba sasa nimekuwa mkubwa. Tukanywa chai. Tukamwaga mkebe juu ya meza, na kwa muda nikasahau huzuni zangu, maana alikuwa na beji mbili za bati nilizokuwa nazitafuta miaka. Nilimwambia habari za migongo ya beji na pini zake, yeye akaniambia nani alitapika njiani. Tulipomaliza nikatoa simu, nikamwonyesha ile picha.

Aliisogeza mbali na macho, akaikaribia tena. Aliniuliza niliipata wapi. Nikamwambia. Akarudi kwenye mbaazi zake, akachambua kidogo, ndipo akaanza kueleza. Beji hiyo, alisema, haikugawiwa kwenye basi. Pale Mlimani, chini ya ngazi, zamani palikuwa na kina mama wa kituo wenye kikapu. Mtu aliyekuja na nadhiri, yaani aliyetaka kumwahidi Mungu jambo ili apewe jambo, alichukua beji kwao, nao wakamzungushia uzi kwenye pini. Uzi mweupe ulikuwa wa safari au kazi. Mwekundu ulikuwa wa ndoa. Bluu ulikuwa wa mtoto mgonjwa. Aliyejibiwa alitakiwa kuirudisha mwenyewe, akaibandike kwenye kitambaa kikubwa kilichokuwa juu, ndani ya kanisa, na hapo nadhiri imekwisha.

Nikamuuliza, na isiporudishwa?

"Isiporudi, mwanangu, ni mambo mawili," alisema. "Ama mtoto hakupona, ama mtu hajashukuru."

Nikamuuliza ni mtoto gani. Akasema mwenye koti yuko hai, nimuulize yeye.

Nilishuka kwa miguu hadi Westlands nikiwa na mkebe wa biskuti kwapani, na sikuona nilichopita. Mimi ni mtoto wa pekee. Nilikuwa nimekua nikijua hivyo kama ninavyojua rangi ya mlango wetu. Sasa nilianza kuhesabu miaka kati ya harusi ya wazazi wangu na kuzaliwa kwangu, na kukumbuka jinsi mama alivyokuwa akinyamaza watoto wa wenzake walipobatizwa. Nikamwona mtoto mwingine, aliyenitangulia, ambaye hakupona, na baba amembeba nyuma ya kola miaka yote akiwa kimya. Nikafikiri ndiyo maana hataki kupanda. Nani angepanda kwenda kumshukuru Mungu kwa kaburi? Na mimi nilimtupia maneno ya rejeta.

Jumapili baada ya chakula sikuleta beji. Nilileta koti. Nikamwekea magotini, nikaketi kwenye kigoda karibu naye, nikamwambia nilikokwenda na nilichoelezwa. Kisha nikamwomba msamaha kwa lile la rejeta, na nikamuuliza mtoto huyo alikuwa nani, na amezikwa wapi.

Baba aligeuza kichwa upande wangu akinitafuta kwa lile tundu lake la ufunguo. Alikuwa ameshangaa kweli.

"Azikwe wapi? Si uko hapa."

Akapata kola kwa vidole, akaigeuza, akaanza kuisugua ile beji kwa kidole gumba pale pale ilipo, na nikajua Mama Maria alipopotezea uso wake.

Alinieleza polepole. Nilizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutoshea ndani ya kiatu chake, na mama mwenyewe alikuwa hajiwezi. Daktari alisema hakuna la kufanya ila kungoja. Mkunga mmoja alimshauri asinipe jina kwanza. "Sasa mimi kungoja sijui," baba alisema. "Mimi najua kuendesha." Jumamosi hiyo alikuwa amepangiwa kuwapeleka kina mama Mlimani, na badala ya kuomba ruhusa akaenda. Alipofika hakufungua boneti. Alifunga gari, akapanda ngazi na mahujaji, yeye mtu wa kanisa la kimya, akachukua beji kwenye kikapu, na huko juu akanipa jina la mama yake kwa sauti, mbele ya watu asiowajua, ili Mungu asije akasema hakujua ni mtoto gani. Akaahidi kwamba nikiishi atairudisha.

"Na niliishi," nilisema.

"Uliishi."

"Basi mbona hukuirudisha?"

Nje jirani alikuwa akipiga zulia kwa fimbo. Alipoanza kusema, alisema akielekea kwenye koti.

"Mwaka wa kwanza nilifika mpaka kwa ngazi. Lakini nilikuwa nimekuacha nyumbani na kifua. Nikasema, bado kidogo. Mwaka uliofuata ukawa na surua. Halafu ukaanza shule, unavuka Ngong Road peke yako na hizo gari. Nikaona, mama, nikirudisha hii kitu, itakuwa nimemwambia Mungu nimemaliza kukuombea." Aliivuta kola karibu na kifua. "Nikaanza kupaki mbali na ngazi."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya gunia na boneti. Mtu mzima, dereva wa magari makubwa, alikuwa akijificha kwenye kivuli cha basi mwaka baada ya mwaka ili Mungu asimwone akapata nafasi ya kumdai. Nilicheka na kulia pamoja, nikalaza kichwa changu kwenye lile koti lenye harufu ya dizeli na dawa ya nondo. Nilimwambia kwamba mimi sasa ni mtu mzima, nina mvi, naelekea uzeeni.

"Na bado unatoka bila sweta," alisema.

Kwa mzazi mtoto hakui, na sikuona haja ya kubishana. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Alisema macho yake yanaisha na anajua ni nini kinachofuata macho. Ahadi ni deni. Kwa muda mrefu aliogopa kulipa, na sasa anaogopa kutolipa, maana akifa nayo ndani ya koti, Mungu atamuuliza nani? Ataniuliza mimi. Kumbe yale maneno yangu ya rejeta hayakumkera kwa sababu ya ukali wake. Yalimkera kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiyasema moyoni kila siku tangu alipotoka kwa daktari.

"Utanishika mkono kwa ngazi?" aliniuliza.

Tulikwenda. Basi lilitungoja mjini alfajiri, karibu na kanisa kuu, na alipopanda nikaona akigeukia kiti cha dereva kabla hajakumbuka. Nilimketisha nyuma ya kiti hicho. Alivaa lile koti, limepigwa brashi. Kina mama wa siku hizi walituletea beji zetu, za plastiki, na yake akaipokea, akashukuru, akaitia kwenye mfuko wa shati. Njiani alimhukumu yule kijana aliyeendesha, kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha: amechelewa kubadilisha gia, anakanyaga breki kama anaua mende. Baada ya Naivasha kijana akaanza kumuuliza maswali, wakaelewana.

Ngazi tulizipanda asubuhi ikiwa imeshakuwa na joto. Nilimshika mkono, yeye akihesabu pumzi kwa Kiluhya. Kitambaa bado kipo. Kimetandazwa kwenye ukuta wa ubavuni ndani ya kanisa, kipana, cheupe zamani, na kimejaa beji za shaba na za bati zilizorudishwa na watu wa miaka yote. Palikuwa na za miaka ambayo nimeitafuta River Road hadi viatu vikaisha. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisimama mbele ya beji nyingi kiasi hicho bila kugeuza hata moja, maana nilikuwa nikiangalia mikono ya baba.

Pini yenye kutu ilikuwa ngumu kwa vidole vyake vya uzee. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Aliihangaikia hadi watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Ilipofunguka ilimchoma kidole, akakinyonya kidogo, kisha akapapasa kitambaa akitafuta nafasi, akaipata karibu na ukingo, akaibandika. Alisema maneno machache kwa lugha ya kwao. Nilichoelewa ni jina langu, na neno la kushukuru. Alibaki na kiganja juu yake kwa muda, kama anavyofanya mtu kwenye paji la mtoto kuona kama homa imeshuka.

"Twende," alisema. "Tusimcheleweshe dereva."

Kurudi hakusema na kijana wala na mimi. Mkono wake ulikuwa ukienda nyuma ya kola, unakuta matundu mawili, unashuka magotini, unapanda tena. Nilidhani amechoka. Kisha nikaona kwamba ni hofu. Sote wawili tukakaa na hofu hiyo hadi basi lilipoanza kupanda kuelekea Limuru na ukungu ukaingia madirishani.

"Wewe walikupa beji?" aliniuliza.

Nikamwambia walinipa, na ninayo kifuani.

"Ni ya nini?"

"Plastiki."

Alisonya. Kisha akafungua vifungo vya koti, akageuza kola upande wa moyo. "Lete. Tumia hayo matundu ya zamani. Uzi tutafunga nyumbani."

Nilimwambia anayo yake mfukoni. Akasema hiyo ni ya dereva, haifanyi kazi. Anataka iliyokaa kwangu. Nikamwambia basi kitambaa changu kitakosa ya mwaka huu, naye akasema kitambaa kitavumilia. Nikaivua kifuani pangu, nikaibandika nyuma ya kola yake, basi likitikisika. Aliipapasa, akafunga vifungo vyote hadi juu, akalala usingizi hadi mjini. Jioni nilitoa uzi wa bluu kwenye kikapu cha cherehani cha mama, nikaizungushia pini yeye akinisimamia.

Jicho la kulia lilizimika kabla ya Krismasi. Anazunguka nyumba kwa kupapasa, anajua kila pembe, na nikitoka asubuhi kwenda kazini ananiuliza kutoka kwenye kiti chake kama nimevaa sweta, halafu mkono unakwenda kwenye kola. Beji zake zote zimepata miaka yao, hata ya gia ya tatu. Nafasi ya mwaka jana nimeiacha wazi kwenye kitambaa cha kijani, katikati, ambako wageni wanaiona mara moja. Wengi huniuliza kama beji hiyo ilipotea. Nawaambia haijapotea, inatumika.